Kabla ya kumlaumu daktari, yaulizwe mate ya mtoto

Jino la mtoto likizibwa, kisha kizibo kikadondoka kabla mwezi haujaisha, kesi hufunguliwa nyumbani siku hiyo hiyo. Baba husema daktari hakuijua kazi yake. Bibi husema ni miwa na karanga. Jirani, ambaye hakuulizwa, husema dawa za siku hizi ni feki. Mtoto mwenyewe hunyamaza, maana anaikumbuka pipi aliyoila kwa siri. Mshitakiwa anayesahaulika karibu kila mara ni yule aliyekuwapo kitini tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni mate.

Kwa wazazi wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita, jambo hili ni jipya kuliko linavyoonekana. Jino bovu la mtoto lilikuwa la kung'oa, na hadi leo wengi hufika hospitali wakiwa wameshaamua: ng'oa, twende. Wachache waliozibiwa walizibiwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha. Dawa nyeupe, ile inayogandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu, ndiyo inayotakiwa sasa na wazazi wa mjini, nayo inapendeza. Lakini ina sharti moja ambalo ile ya fedha haikulidai kwa ukali huo. Inataka pakavu.

Mama mmoja wa Katoro, mji wa biashara na wachimbaji mkoani Geita, alilijua sharti hilo baada ya kulipa mara mbili. Anauza chakula, na mumewe ni mchimbaji mdogo. Mtoto wao wa kiume, wa miaka 7, alikuwa na tundu kwenye gego la utoto la chini, upande wa kulia. Maji ya baridi yalimfanya ashike shavu. Usiku alilala vizuri, na hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu jino likishaanza kumwamsha mtoto usiku bila kuguswa na chochote, mara nyingi kuziba peke yake hakutoshi tena.

Alipelekwa kliniki ya mtaani, akazibiwa kwa dawa nyeupe, wakarudi nyumbani wamefurahi. Wiki tatu baadaye alikitema kizibo kwenye sahani ya ugali. Mama alikiokota, akakiosha, akakifunga kwenye karatasi laini. Hakikuwa na ufa. Kilikuwa kizima, kidogo kama punje ya choroko, chenye umbo la tundu lenyewe. Alikihifadhi ili awe na ushahidi siku atakapokwenda kugombana.

Hakugombana. Alikwenda hospitali ya serikali, na tabibu wa meno aliyempokea alikigeuzageuza kile kizibo kwenye kiganja, akasema, "Mama, hiki hakikuvunjika. Kimebanduka."

Tofauti hiyo ni kubwa. Kizibo kinachovunjika huacha vipande jinoni, na hapo mtu anaweza kushuku dawa yenyewe au mfupa alioutafuna mtoto. Kizibo kinachotoka kizima, kisafi chini yake, kinasema kwamba dawa ilikuwa na nguvu zake zote, ila haikulishika jino. Tabibu aliuliza swali moja tu: siku ile mtoto alitulia? Mama akakumbuka. Mtoto alilia. Aliomba kutema mate mara mbili, akaruhusiwa. Aliyekuwa akimhudumia alikuwa peke yake, bila msaidizi wa kushika pamba wala mrija wa kufyonza. Kila mtoto alipofunga mdomo, kazi ilisimama, na alipofungua iliendelea pale pale ilipoachwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na watu wa Shinyanga wana mahali pazuri pa kujifunzia: kwa fundi baiskeli. Si bure kwamba Kiswahili hutumia neno lile lile, kuziba pancha na kuziba jino. Fundi anazamisha tyubu kwenye beseni la maji ili aone povu linatokea wapi. Akishalipata tundu, hapaki gundi papo hapo. Anafuta hadi pakauke, anakwaruza kwa msasa hadi mpira uparuze, anapaka sulusheni, anasubiri, ndipo anabandika kiraka na kukigonga. Mteja mwenye kiherehere akipagusa palipokwaruzwa kwa kidole chenye mafuta, fundi hasemi kitu. Anachukua tena msasa. Anajua kwamba kiraka kitashika mbele ya mteja na kuachia barabarani.

Jino nalo hukwaruzwa, ila msasa wake ni asidi. Ganda la nje la jino, enameli, ni gumu na nyororo, na gundi haina pa kushika. Kwa hiyo hupakwa jeli ya asidi ya fosforiki, siku hizi kwa kawaida ya asilimia 35 hadi 37, kwa sekunde 15 hadi 30, kisha huoshwa kwa maji na kukaushwa kwa upepo. Palipopakwa hupoteza mng'aro na kuwa peupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Kwa jicho ni weupe tu. Kwa hadubini ni vitundu visivyohesabika, vidogo mno, na ndani ya vitundu hivyo huingia gundi ya majimaji. Taa ya buluu ikimulika, gundi hukauka humo humo na kuwa kama mizizi. Kizibo kinasimama juu ya mizizi hiyo.

Aliyeanzisha ujanja huo ni Michael Buonocore, daktari wa meno wa Rochester, Marekani, mwaka 1955. Alijua kwamba viwandani watu hupitisha asidi ya fosforiki kwenye chuma ili rangi ishike vizuri, akajiuliza kwa nini jino lisifanyiwe hivyo hivyo. Asidi yake ilikuwa kali, asilimia 85, kwa nusu dakika. Dawa iliyobandikwa kwenye meno yaliyopitishwa asidi ilidumu kuliko iliyobandikwa kwenye meno yaliyoachwa kama yalivyo. Karibu kila dawa nyeupe inayowekwa leo katika kliniki za Kahama au Dar es Salaam ni mjukuu wa wazo hilo.

Sasa mate. Zaidi ya asilimia 99 ya mate ni maji, na maji peke yake yangekaushwa kwa upepo. Tatizo ni kile kidogo kinachobaki, hasa protini. Protini za mate hupenda jino. Hulifunika kwa utando mwembamba mara tu zinapoligusa, na kwa siku za kawaida utando huo ni ulinzi dhidi ya asidi za chakula. Mate pia huzimua uchachu mdomoni na kurudisha madini kwenye meno. Mtoto asiye na mate ya kutosha huoza meno upesi sana. Kwa hiyo mate si uchafu. Yana kazi yake, ila kwa zile dakika chache kati ya asidi na taa, kazi hiyo hiyo inageuka hasara. Utando unavifunika vile vitundu vilivyochimbwa, na gundi inapofika inakuta milango imefungwa.

Inachukua muda gani? Mwaka 1985 Leon Silverstone na wenzake waliangalia kwa hadubini ya elektroni enameli iliyopitishwa asidi kisha ikaguswa na mate. Mguso wa sekunde 1 au zaidi ulitosha kuacha tabaka lililong'ang'ania ambalo kuosha kwa maji hakukuliondoa lote. Sekunde moja ni muda wa mtoto kumeza mate.

Ndiyo maana kupanguza kwa pamba na kuendelea hakutoshi, wala kupuliza upepo, kwa kuwa upepo huondoa maji na kuzikausha protini pale pale zilipo. Kama mate yameingia baada ya asidi, njia salama ni kuosha, kukausha na kupitisha asidi upya kwa sekunde chache. Kama yameingia wakati gundi imeshapakwa, huoshwa, hukaushwa, gundi hupakwa tena. Mzazi anayemwona tabibu akirudia hatua aliyoimaliza asidhani hajui anachofanya. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye mtoto amefunga mdomo mara tatu naye hakurudia kitu.

Kizibo kubanduka, kwa kweli, ni hasara ndogo. Mtoto anakitema, mzazi anajua, wanarudi. Kibaya zaidi ni kile kinachobaki mahali pake huku ukingo wake mmoja haukushika. Juu ni peupe, pazuri, na chini yake mate na vijidudu vinapita kama maji chini ya mlango. Meno ya utoto hayana subira na hali hiyo. Enameli yake ina unene kama nusu ya ile ya jino la ukubwani, na kiini chenye mishipa kiko karibu. Uozo mpya chini ya kizibo unaweza kufika kwenye kiini wakati mzazi bado anajisifu kwamba jino lile lilishatibiwa.

Na mdomo wa mtoto ni mahali pagumu pa kupata ukavu. Ni mdogo, ulimi ni mdadisi, na kila kitu kigeni lazima ukakione. Mate hutokea pande zote: kuna mfereji unaofungukia shavuni jirani na magego ya juu, na mingine chini ya ulimi, kwa hiyo magego ya chini yako katikati ya bwawa. Pamba za mviringo huwekwa hasa kwenye milango hiyo. Mtoto akilia, mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa kilio huja na makamasi, pumzi za joto kupitia mdomoni na kichwa kinachogeuka huku na huku.

Dawa ya tatizo hilo ilipatikana zamani sana. Mwaka 1864 Sanford Barnum, daktari wa meno wa New York, alichukua kipande cha mpira mwembamba, akakitoboa, akakivisha juu ya jino. Jino likachungulia kwenye tundu kama kichwa cha mtoto kwenye fulana, na mate yote yakabaki chini. Mpira huo bado ndio njia bora ya kulinda jino, na watoto wengi wakishauzoea hutulia kuliko walivyokuwa na pamba, kwa sababu hakuna maji yanayowaingia kooni. Lakini unahitaji muda, vibanio, na mara nyingi sindano ya ganzi ya fizi. Pasipo na mpira, pamba zinazobadilishwa kila zikilowa, mrija wa kufyonza na mikono ya mtu wa pili vinaweza kufanya kazi nzuri. Mtu mmoja akimhudumia mtoto anayelia, akishika kioo kwa mkono mmoja na taa kwa mwingine, mate ndiyo yatakayoshinda.

Yule mama alimpigia simu mumewe, na jibu likaja upesi: wamwekee ile ya rangi ya fedha, ndiyo inayodumu, yeye mwenyewe anayo tangu yuko shuleni. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Amalgamu, kwa jina lake la kitaalamu, haibandikwi. Hushindiliwa kwenye tundu lililochongwa kuwa pana chini na jembamba juu, na hukaa kwa kubanwa. Unyevu huiathiri pia, lakini huivumilia kazi ya kwenye mate kuliko dawa nyeupe. Ndiyo maana ilitawala kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tabibu alimwambia mama amweleze baba kwamba karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki. Simu ikanyamaza kidogo. "Zebaki hii hii ya mwaloni?"

Hii hii. Wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko katika ukanda wa dhahabu wanaijua kuliko mtu yeyote. Huichanganya na mchanga uliooshwa ili ikamate chembe za dhahabu, kisha huchoma donge, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo ndio hatari kubwa, na unapochomwa jikoni au uani, wanaouvuta kwanza ni watoto. Kwenye jino, zebaki imefungwa na madini mengine na kinachotoka ni kidogo sana. Hata hivyo dunia imeamua kuachana nayo hatua kwa hatua. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulianza kufanya kazi mwaka 2017, Tanzania nayo ni mwanachama, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa meno ya utoto, kwa watoto wenye umri chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtaalamu anapoona hakuna budi.

Mtoto ambaye tayari ana kizibo cha fedha kilicho kizima asikimbizwe kwenda kukitolewa. Kukichimbua bila sababu huachia mvuke mwingi kwa mara moja kuliko kukiacha. Na mzazi anayehofia kizibo hicho huku zebaki ya kazini ikiwekwa kwenye chupa ya maji chini ya kitanda, hofu yake imekosea njia.

Kwa hiyo, ya fedha hapana, na nyeupe inabanduka. Inabaki nini? Tabibu alikuwa na jibu la tatu, ambalo kwa sehemu lilizaliwa hapa hapa Tanzania, ingawa ni wazazi wachache wanaojua.

Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alikabiliana na swali la vijijini: mtu atazibaje jino mahali pasipo na umeme wala mashine ya kuchonga? Jibu lilikuwa vifaa vya mkono. Uozo laini hukwanguliwa kwa kijiko kidogo cha chuma, tundu husafishwa, kisha hujazwa dawa inayoshika jino yenyewe na kukandamizwa kwa kidole. Majaribio makubwa yalifuata Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe njia hiyo mwaka 1994. Leo inatumika katika nchi nyingi ambazo hata hazijui kwamba mwanzo wake ni Tanzania.

Dawa inayotumika zaidi kwa njia hiyo huitwa glasi ayonoma. Rangi yake inakaribia ya jino, ila haina ule mng'aro. Yenyewe haihitaji mizizi ya kuingia kwenye vitundu. Huungana na madini ya jino kwa kemia, na kwa kuwa imetengenezwa kwa maji tangu mwanzo, haiogopi unyevu kama ile nyingine. Isieleweke vibaya: nayo mate huiharibu yakiingia kabla haijashika, na pamba bado zinahitajika. Tofauti ni kwamba inasamehe kidogo. Baada ya kukandamizwa hupakwa mafuta ya mgando juu ili isilowe wala kukauka kabla ya wakati, na mtoto hukaa angalau saa 1 bila kula. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Udhaifu wake ni nguvu. Kwenye tundu lililo juu tu ya gego, hudumu vizuri. Kwenye tundu lililo kati ya meno mawili, ambako ukuta mzima wa pembeni umeliwa, vizibo vingi hutoka, viwe vya glasi ayonoma au vyeupe, na huko wakati mwingine inafaa zaidi kulivisha jino kofia ya chuma. Mzazi ana haki ya kuuliza tundu la mtoto wake ni la aina gani kabla ya kufungua pochi.

La yule mtoto lilikuwa juu tu. Lilisafishwa na kuzibwa upya kwa glasi ayonoma, muuguzi akishika mrija, mama akishika mikono ya mtoto.

Safari hiyo kulikuwa na maandalizi, na hapa ndipo mzazi ana kazi ambayo daktari hawezi kumfanyia. Walikwenda asubuhi, mtoto akiwa amelala vya kutosha na amekula. Mtoto mwenye usingizi au njaa hafungui mdomo kwa mtu yeyote. Nyumbani walikuwa wamecheza mchezo wa siku tatu: kufungua mdomo, kupumua kwa pua, na kuhesabu hadi 30 bila kumeza. Mdogo wake wa kike alishinda kila siku. Mtoto alielezwa pia kwamba akichoka ainue mkono wa kushoto, asifunge mdomo, na asiombe kutema. Kuomba kutema ndiko kunakoharibu kazi nyingi kuliko kilio, maana huonekana kama adabu na kila mtu hukuruhusu.

Mafua ni sababu nzuri ya kuahirisha. Pua ikiziba, mtoto atapumua kwa mdomo, na hakuna pamba itakayoshindana na hilo. Kama jino haliumi wala hakuna uvimbe, wiki moja ya kusubiri ni bora kuliko kizibo cha wiki tatu. Kama kuna uvimbe au homa, hakuna kusubiri mafua yaishe.

Halafu yapo maneno ya njiani. Mtoto aliyelelewa kwa tishio la "ukikataa kula utachomwa sindano" hufika kwenye kiti akiwa ameshalia. Aliyeahidiwa kwamba hatasikia kitu chochote hudanganyika mara moja tu, na safari ya pili hubebwa mgongoni. Kumwambia ukweli mfupi, kwamba kutakuwa na maji, upepo na ladha chungu kidogo, humfanya asishtuke ladha ya asidi ikigusa ulimi. Ahadi ya soda wakimaliza iachwe, kwa sababu zinazojulikana.

Kwa watu wa Shinyanga kuna jambo jingine la kuzingatia, maana ni kati ya mikoa ambayo maji ya baadhi ya visima vyake yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo miaka ya mwanzo, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya, huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Enameli ya namna hiyo ikiwa imeathirika sana haikubali asidi kama nyingine, na tabibu huenda akahitaji kuikwangua au kuiachia asidi muda mrefu zaidi. Mzazi aseme mapema kwamba nyumbani wanatumia kisima. Tangu mwaka 2009 mradi wa maji ya Ziwa Victoria umefika Kahama na Shinyanga mjini, na wanaokunywa maji hayo wameondokana na sehemu kubwa ya tatizo, ingawa vijijini kisima bado ndicho kisima. Dawa ya meno yenye floridi isitupwe kwa sababu hiyo. Ya kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka 3, na ya punje ya njegere hadi miaka 6, mtoto akifundishwa kutema, inatosha.

Siku ile ya kizibo cha pili, tabibu alimwomba mama amkalishe na yule mdogo wa kike, bingwa wa kuhesabu hadi 30. Ana miaka 6. Nyuma kabisa, baada ya magego yake ya utoto, gego jipya lilikuwa limetoka nusu, sehemu yake ikiwa bado imefunikwa na fizi. Mama alidhani ni jino la utoto litakalong'oka kama mengine. Wazazi wengi hudhani hivyo, kwa kuwa hakuna jino lililotoka kulipisha. Ni gego la kwanza la ukubwani, la kukaa naye hadi uzeeni, na lina mifereji mirefu juu ambayo mswaki haufiki vizuri. Hilo ndilo jino linalofaa kufunikwa mifereji kabla halijaoza.

Lakini kulifunika kwa dawa nyeupe wakati huo kungekuwa kurudia hadithi ya kaka yake. Fizi ililala juu ya ukingo wa jino, na chini ya fizi mate hayakauki hata afanyweje. Tabibu alikausha kwa pamba, akaweka glasi ayonoma kwenye mifereji, akaikandamiza kwa kidole chenye mafuta ya mgando, akahesabu pamoja na mtoto. Kwenye kadi aliandika warudi baada ya miezi 6, jino likishatoka lote, waangalie kama funiko bado lipo na kama sasa pamekauka kiasi cha kuweka la kudumu zaidi. Mama alimwomba aandike na namba ya jino lenyewe, ili safari ijayo baba akimleta aweze kulionyesha.